Medali ya Kutazama

Jumatatu, 5 Julai 1858. Porthenna, Cornwall

Leo nimeshuka gatini, nikasalimia kila niliyekutana naye, nikaitikiwa na mbwa. Mbwa mwenyewe ni wa Hannibal Pascoe, nahodha wa mashua za juya, na Pascoe alimwita upesi kana kwamba ningemwambukiza upele.

Siwalaumu sana. Mimi, Jabez Munnings, ni mlinzi wa pwani, na babu zao hawa waliishi kwa pombe ya magendo kutoka Ufaransa mpaka watu wenye sare kama yangu walipowaharibia riziki. Tena kwetu ni Norfolk, upande wa pili kabisa wa nchi. Hapa ukishavuka mto Tamar, mpaka wa Cornwall, wewe ni mtu wa kuja, hata ukizeeka na kuzikwa hapahapa.

Serikali nayo haiombi tupendwe. Mlinzi wa pwani hapelekwi alikozaliwa, na akianza kuzoeana na wenyeji wa mahali alipo anahamishwa, kwa kuwa rafiki hakamati rafiki. Kutoka kituo changu cha mwisho, Dorset, niliondolewa kwa kosa la kucheza karata na mwokaji mikate. Luteni Averill aliponipokea hapa alinitazama kama mzazi aliyechoka. "Munnings," alisema, "hii ndiyo mara ya mwisho. Ukihamishwa tena ni magharibi ya Ireland, kwenye mwamba, wewe na kunguru."

Basi nakaa peke yangu katika kijumba cha juu ya jabali, na wenzangu wengine wako kituo kikubwa ng'ambo ya kilima. Naandika haya kwa sababu nimegundua nimeanza kuzungumza na birika.

Jumatatu, 12 Julai

Mvua. Birika halina la kusema.

Jumatatu, 19 Julai

Kuna mtu mwingine juu ya jabali hili, ila ningemhesabu pamoja na mawe. Anaitwa Uriah Hosken, na kijiji kizima, hata wasio ndugu zake, humwita Mjomba Uriah. Kazi yake ni kuwaangalizia sadini. Kuanzia sasa mpaka Oktoba hawa dagaa wakubwa hupita hapa kwa makundi, na kutoka mashuani hawaonekani. Wanaonekana kutoka juu tu, kama doa la zambarau linalotembea ndani ya maji. Mzee akiliona hupiga kelele "Hevva!" kwenye tarumbeta ya bati, kisha huinua vichaka viwili vya matawi vilivyofungwa kitambaa cheupe, kimoja kila mkono, na kwa vichaka hivyo huwaelekeza Pascoe na wapiga makasia mpaka wawazungushie samaki juya. Akikosea yeye, kijiji hakina kitu cha kutia chumvi, na majira ya baridi hapa hayamwonei mtu huruma.

Kati ya kibanda chake na mahali pangu pa zamu hapafiki mrusho wa jiwe. Tunasimama siku nzima tukitazama maji yaleyale, na hatujasemezana neno. Adhuhuri binti yake Loveday humletea andazi la nyama na viazi. Ni mjane, mumewe alizama. Anaweka kikapu, anatazama bahari kidogo, anamnong'oneza babake, anaondoka mbio. Wavuvi wanaamini mwanamke akikaa penye kile kibanda samaki hugeuza njia.

Leo amenitupia jicho. Halikuwa jicho baya.

Jumapili, 25 Julai

Nimefanya upumbavu. Nilivaa medali yangu ya vita vya bahari ya Baltic kwenda nayo kanisani kwao, nikijidanganya kwamba watu wakiona nilipigana na Warusi watanifanya mtu.

Baada ya ibada Pascoe aliniita, kwa mara ya kwanza tangu nije. Nilikwenda kama mbwa wake.

"Hebu tuione hiyo," akasema. Akaishika, akaigeuza, akautazama ukingo pande zote. Watu wakajaa. "Mbona haina jina?"

"Za Baltic hazina majina. Wametoa hivyohivyo."

"Ndugu yangu ana ya Crimea. Jina lake limechongwa ukingoni, herufi moja moja."

"Za Crimea sijui. Hizi zetu hazina."

"Ng'ombe wangu ana alama, bwana. Kasia langu lina alama. Wewe umepewa fedha tupu?" Akawageukia wenzake. "Jamani, kumbe hizi zinauzwa sokoni! Mimi nichukulieni mbili, na ya mke wangu."

Walicheka wote, wanawake kwa watoto. Nilicheka nao kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu. Loveday Hosken hakucheka, ila alitazama chini, na hilo lilinichoma kuliko kicheko.

Jumatano, 4 Agosti

Mjomba Uriah amepiga "Hevva!" ya kwanza ya msimu. Kijiji kilitoka kama siafu. Mashua zikasukumwa, vichaka vikapepea kulia, kulia zaidi, vikashushwa kwa nguvu, na juya lote likateremshwa juu ya kivuli cha wingu.

Nilikuwa nimekiona mapema. Nilikiona kinavyotelemka kutoka kilimani na kuingia majini. Nilinyamaza. Nani aliniuliza?

Walivuta juya tupu mpaka jioni. Pascoe alipanda jabali akiwa amelowa, akasimama mbele ya mzee. "Mjomba, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini wewe naona tuanze kukuambia."

"Jua lilinipiga usoni," akasema mzee.

"Likikupiga tena, tutamtafuta ambaye halimpigi."

Jumapili, 8 Agosti

Sasa najua.

Baada ya ibada ya asubuhi nilikuwa zamu, maana magendo hayaendi kanisani. Mjomba Uriah alikuwa amekuja kuketi mbele ya kibanda chake na nguo safi, kwa mazoea tu, kwa kuwa Jumapili hapa havuliwi samaki hata mmoja. Wakaja. Sijapata kuona kitu kama kile. Doa kubwa kama shamba la ngano lilijaa upande wote wa mashariki, na ndege wakajitupa ndani yake kama mvua ya mawe. Nikasahau miezi yote ya kunyamaza, nikakimbia kwake.

"Bwana Hosken! Samaki! Waite watu!"

"Nawaona," akasema kwa utulivu. "Nimewaona kabla yako. Leo siku ya Bwana. Aliyewaleta leo atawaleta tena."

Alisema hivyo akiwa amekaza macho magharibi, kwenye maji matupu.

Nilirudi mahali pangu. Samaki walipita taratibu, wote, wakaenda zao, na kule bondeni watu walikuwa wakiimba.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimemwendea asubuhi, kabla mashua hazijakaa tayari.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Jana samaki walikuwa mashariki, Bwana Hosken."

Aliiweka mikono yake chini ya mapaja.  Halafu akasema kwa sauti ndogo yenye sumu, "Ukimwambia mtu, nitakutupa kutoka jabali hili. Naapa."

"Kwanza unione," nikasema.

Neno liliniponyoka. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akageuza uso wake kwangu, kinywa wazi, na mara akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akapiga goti kwa kofi, machozi yakamtoka. "Shetani mkubwa wewe," akasema. "Kaa hapo. Kaa, nimekwambia!"

Nikaketi. Mtu kunambia niketi! Mara ya mwisho ilikuwa Dorset.

Akanieleza. Ukungu uliingia jicho la kushoto mwaka juzi, na la kulia Krismasi iliyopita. Nyuso anazijua kwa sauti. Loveday ndiye macho yake, lakini Loveday anapata kutazama mara moja tu kwa siku, akileta chakula. Akitolewa kwenye jabali atakuwa mzee wa kuongozwa kwa kamba, na nyumba yao ni ya kazi hii: akiacha kazi, nyumba inakwenda kwa mwingine.

"Mimi naona," nikasema. Sikuwa nimepanga kusema. "Niko hapa kutwa. Naweza kusimama nyuma ya kibanda na kukuambia."

"Kwa nini ufanye hivyo? Tulikucheka mbele ya watu."

Nilitaka kujibu jibu la mtu mwema. Nikajibu la kweli. "Kwa sababu umenambia nikae."

Alhamisi, 12 Agosti

Tunajifunza. Mimi nasema, "Mjomba, wingu," na yeye hupiga miayo. Nasema, "Mjomba, upepo umekwangua maji," hupiga miayo tena. Nimeanza kumwita Mjomba, naye hajakataa.

Jumatatu, 16 Agosti

Leo ameuliza kuhusu medali.

"Hao Warusi ulipigana nao wapi hasa?"

"Sikupigana nao."

"Sasa?"

Nikamwambia. Mwaka hamsini na nne walituchukua sisi walinzi wa pwani, wengine wana mvi, wakatutia kwenye meli za vita, kwa kuwa mabaharia hawakutosha. Mimi nilipangiwa mlingotini, na darubini. Tulikaa mbele ya bandari ya Kronstadt majira yote ya kiangazi tukitazama ngome za mawe ambazo meli za Warusi zilijificha nyuma yake. Kila siku nilipanda, nikatazama, nikashuka, nikaripoti: hawajatoka. Chini yangu kipindupindu kilichukua watu, wakashonwa ndani ya vitanda vyao vya turubai na kushushwa majini, na juu kule nilikuwa nawaona wanavyozama muda mrefu kuliko walio sitahani. Warusi hawakutoka. Baridi ilipokuja tukarudi.

"Na nyumbani?"

"Nyumbani Susan, mke wangu, alishikwa na homa mwezi wa Julai. Niliporudi kaburi lake lilikuwa limeshaota nyasi. Naweza kukuambia bendera gani ilipandishwa Kronstadt siku aliyokufa. Yeye sikumtazama."

Mzee hakusema pole, na nilimshukuru kwa hilo. Alitafuna andazi lake. Baadaye akasema, "Kwa hiyo walikupa fedha ile kwa kutazama."

"Ndiyo, Mjomba."

"Mimi nimetazama tangu ujana wangu mpaka macho yameisha, na sijapewa hata kifungo cha shati."

Tulicheka mpaka Loveday, aliyekuwa akipanda na kikapu, akasimama njiani. Alinitazama, akamtazama babake.  Alikata andazi vipande viwili.

Jumanne, 24 Agosti

Nitajaribu kuiandika siku hii kwa mpangilio.

Bahari ilikuwa shwari tangu alfajiri, na mawingu mengi, jambo baya kwetu, kwa kuwa kila wingu lina kivuli chake. Pascoe alikuwa chini na mashua zake zote, akiwa ameshasema mbele ya kila mtu kwamba hii ndiyo nafasi ya mwisho ya mzee. Mimi nilikuwa nyuma ya kibanda, mbali na mahali pangu pa zamu, mgongo kwenye mawe.

Niliona giza likiingia ghuba. "Mjomba, kitu."

"Wingu?"

"Sijui. Subiri."

"Kinakwenda na upepo?"

Nilikodoa mpaka macho yakauma. Upepo ulitoka kusini. Lile doa lilikwenda nao, kisha likasita, kisha ukingo wake mmoja ukageuka, taratibu, dhidi ya upepo. Wingu halina akili ya kugeuka.

"Ni wao."

Alisimama. Nikaona mgongo wake ukinyooka kama wa kijana. "Hevva!" Tarumbeta ile ilinitoboa masikio. "Hevva! Hevva!" Bondeni milango yote ikafunguka.

"Niambie," akasema bila kugeuza kichwa.

"Kulia kwao. Zaidi. Zaidi, Mjomba. Basi. Wamesimama. Wanaingia ndani. Mashua kubwa iko mbali mno, ivute. Ivute!"

Vichaka viliruka kama mbawa. Alikuwa hajui anachoelekeza, na alikielekeza kwa ufundi ambao mimi mwenye macho nisingeuweza hata nikifundishwa. Na ndipo, kwa kona ya jicho, nikaona farasi akipanda njia ya kilima. Luteni Averill.

Nilikuwa na nafasi ya kukimbilia mahali pangu. Vichaka vingesimama, na samaki wangepita katikati ya mashua.

"Mbona umenyamaza?" mzee akanong'ona. "Jabez! Wako wapi?"

Alikuwa hajapata kuniita kwa jina. Nikabaki.

"Wanageuka kuelekea jabali. Mashua ndogo iwazibe. Sasa hivi. Hapo. Teremsha, Mjomba, teremsha!"

Vichaka vikashuka. Juya likamwagika baharini, duara likafunga, na maji ndani yake yakachemka fedha tupu. Sijui nilipiga kelele gani. Chini kule watu walikuwa wakilia, wakikumbatiana, Pascoe amesimama juu ya tezi ya mashua na kofia yake imeshaangukia majini.

Luteni alikuwa amefika. "Munnings, mahali pako pa zamu ni pale."

"Ndiyo, bwana. Nilikuwa namuuliza mzee habari za upepo."

Alimtazama mzee, akanitazama mimi, akaitazama ghuba. Si mjinga. "Mwamba ule wa Ireland," akasema, "hauna hata mwokaji." Akageuza farasi.

Ijumaa, 27 Agosti

Wanaendelea kuchota samaki kwa vikapu. Hakuna aliyelala. Wanawake wanatia chumvi na kupanga matabaka, wanaimba, wananuka, mimi nanuka, mkate unanuka.

Jumatano, 8 Septemba

Kundi la pili. Luteni hakuja.

Jumatatu, 20 Septemba

Nyota yenye mkia imetokea upande wa magharibi, na bibi mmoja aliyewahi kunitemea mate mwezi wa Mei amenisimamisha njiani kuniuliza ina maana gani. Sikujua. Nikamwambia ni dalili ya samaki wengi, akaondoka ameridhika. Pascoe amenipungia mkono kwa mbali, bila shaka kwa bahati mbaya.

Nilikuwa nawahesabu wote mawe. Ni watu wanaoogopa njaa ya baridi, basi.

Jumanne, 28 Septemba

Nimekunywa chai kwa akina Hosken, kwa mlango wa nyuma. Loveday alinikatia mkate wa zafarani, akakaa mbele yangu, mikono yake imepasuka kwa chumvi.

"Baba anacheka siku hizi," akasema. "Nilikuwa nimesahau anavyocheka. Anakoroma kama nguruwe."

"Nimesikia hilo!" mzee akasema kutoka jikoni.

Nilitaka kumwambia neno. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni. Nikamwambia kesho upepo utageuka kaskazini.

"Utageuka?" akasema, akitabasamu kidogo.

"Utageuka."

Mimi ni mtu wa miaka arobaini na sita niliyeitazama ngome ya Kronstadt bila kupepesa, na nimeshindwa na kipande cha mkate.

Jumapili, 3 Oktoba

Ibada ya shukrani ya msimu. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Kwao Wamethodisti mtu husimama na kutoa ushuhuda, na anachosema pale amekisema mbele ya Mungu. Mmoja alishukuru kwa samaki, mwingine kwa mguu uliopona. Kisha Mjomba Uriah akasimama, Loveday akamvuta koti, mzee akaung'oa mkono wake.

"Ndugu zangu, mimi ni kipofu," akasema.

Pascoe aligeuka kumtazama.

"Ni kipofu tangu Krismasi. Nimewaficha kwa kiburi, na nikawateremshia juya juu ya wingu. Macho ya msimu huu hayakuwa yangu. Yalikuwa ya yule mtu anayekaa pale mlangoni, ambaye tumemnyima hata salamu. Kila siku alikuja kusimama nyuma yangu, akanambia, na akaniachia mimi sifa. Nyumba nikipoteza nipoteze. Siwezi kumshukuru Mungu kwa uongo."

Kichwa changu kilikuwa kinawaka. Niliona vichwa vinageuka, benchi baada ya benchi. Pascoe akainuka. Nikafikiri: ananitoa nje. Akatembea katikati ya kanisa mpaka kwangu, akasimama, taya zinamcheza.

"Ndugu Munnings," akasema, "hapa mlangoni kuna baridi. Njoo ukae na watu."

Akanishika mkono, akaniketisha benchi lake, kati yake na mkewe. Waliimba. Kuhusu mzee wakaamua palepale: nyumba ni yake mpaka afe, na atamfundisha mwingine vichaka. Sikuweza kuimba. Nililia kama mtoto mbele ya kijiji kizima, na mke wa Pascoe alinipa leso inayonuka samaki.

Jumanne, 5 Oktoba

Kila mlango niliopita leo ulinisalimia. Nimechelewa zamu kwa sababu ya salamu.

Jumatano, 6 Oktoba

Loveday amekuja mpaka kijumbani kwangu, mchana kweupe, uso unamng'aa.

"Nina siri, na siwezi kuinyamazia. Jana Pascoe na wazee wa kanisa walivaa suti, wakatembea mpaka mjini kwa Luteni wako."

Nikaweka kikombe chini. "Kufanya nini?"

"Kukusemea! Wamemweleza yote. Ulivyomsaidia baba kila siku, ulivyobaki siku ile na farasi anakuja, ulivyo ndugu yetu sasa. Aliwakaribisha bia, wakakataa kwa sababu ya dini, lakini aliwasikiliza mpaka mwisho. Pascoe anasema lazima upandishwe cheo. Mbona umekuwa hivyo? Hujafurahi?"

"Nimefurahi," nikasema.

"Kweli?"

"Hakuwahi kutokea mtu wa kunisemea, Loveday. Tangu nizaliwe."

Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo nililisema vizuri. Akaenda zake akiimba. Watu husema asante ya punda ni mateke. Hawa si punda, asante yao ilikuwa safi kabisa, na teke limekuja vilevile.

Alhamisi, 7 Oktoba

Luteni Averill aliniita ofisini, akafunga mlango mwenyewe.

"Wamekusifu mpaka nikaona haya, Munnings. Wanasema wewe ni ndugu yao. Wanasema saa za zamu ulikuwa mlinzi wa samaki."

Nilisimama wima.

"Nitakuuliza mara moja, na nitaamini utakachojibu. Yule ni mzee, tena kipofu. Kipofu husikia mengi kwenye upepo. Huenda wewe ulisimama tu karibu na kibanda, yeye akadhani unamsemesha, akaenda kutangaza kanisani. Ndivyo ilivyokuwa?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Nilikiona kila kitu upande wa pili wake: kijumba changu, benchi la Pascoe, mkate wa zafarani, na neno langu nikilisema siku moja. Gharama yake ilikuwa neno dogo tu, "ndivyo". Na Uriah Hosken angekuwa mzee aliyesema uongo mbele ya Mungu na watu wake, na wale waliotembea na suti zao wangekuwa mabwege waliomtetea mtu asiyewajua.

"Sivyo, bwana. Nilimwambia samaki walipo. Kila siku."

"Na huo undugu?"

"Ni kweli, bwana."

Alipumua. "Mtu anayependwa namna hii hawezi kulinda mahali. Unalielewa hilo."

"Nalielewa."

"Nitasema umehamishwa kwa sifa njema. Ndicho ninachoweza."

Ijumaa, 8 Oktoba

Kijiji kimesikia ninahamishiwa Ireland kwa sifa njema, kinadhani ni cheo, kinashangilia. Pascoe amenipigapiga mgongo mpaka unauma. "Tulimwambia! Luteni hakuwa na pa kukimbilia!"

Loveday alinikuta ukutani kwao. "Ireland ni mbali?"

"Kuna bahari katikati."

"Baba hawezi kuachwa."

"Najua. Sikuuliza."

"Najua hukuuliza," akasema, na hakuondoka. Tulisimama pale mpaka mzee akamwita.

Jumanne, 12 Oktoba

Naandika njiani, gari linaruka, mwandiko mnisamehe.

Walikuja wote mpaka njia kuu. Walinipa sadini, mikate, soksi. Watu wakiwa bado wanaimba, Mjomba Uriah akaomba aongozwe mpaka kwenye gari, kisha akamwambia Loveday asogee kando.

"Hongera kwa cheo," akasema.

"Asante, Mjomba."

"Macho yangu yamekufa. Masikio hayajafa. Tangu Ijumaa unazungumza kama mtu aliye msibani."

Nilianza kupanga mikate kwenye kiti.

"Ni sisi?" akauliza. "Ni ule ushuhuda wangu?"

"Si nyinyi."

"Jabez."

Mwendesha gari alikuwa ameshashika hatamu. "Luteni alinipa nafasi ya kukana," nikasema. "Niseme uliota."

"Ungekana, mpumbavu wewe! Ungesema hunijui, ningekusamehe. Ningeelewa kabla ya jioni."

"Najua ungenisamehe, Mjomba. Lakini ningebaki Porthenna na nisingekuwa na mtu hata mmoja anayenijua."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kwa nguvu ya mtu aliyeinua vichaka maisha yake yote, akatembea kando ya gari, akajikwaa, akatembea tena, mpaka farasi wakashika mwendo na ikambidi auachie.